Kitambaa Cheusi cha Mtawala Vlastaris

Tarehe 21 Februari 1786, saa mbili na nusu asubuhi, wapanda farasi arobaini waliingia Bukureshti kwa lango la kusini. Hawakuwa na ngoma. Hakuna tarishi aliyewatangulia kuja kudai zawadi ya habari njema. Mjumbe wa Sultani anayeleta joho la kumwongezea mtawala muda humtanguliza tarishi siku nzima kabla. Anayeleta kitambaa cheusi, cha kumwondoa, hamtangulizi mtu.

Mtawala wa Walakia, nchi iliyokuwa chini ya Sultani, alikuwa Skarlatos Vlastaris, Mgiriki wa mtaa wa Fanari, Istanbul, mwenye miaka hamsini na minne. Alijua lugha saba. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mkalimani mkuu wa serikali ya Sultani, kisha akapewa Walakia, akaondolewa, akarudishwa. Mimi nilikuwa karani wake tangu enzi za ukalimani. Mwanawe wa pekee, Dimitris, alibaki Fanari kama walivyobaki watoto wa watawala wote, wawe dhamana ya utii wa baba zao.

Kati ya mabwana kumi na wawili wa baraza, asubuhi ile alifika Pârvu peke yake.

“Wenzako wako wapi?” Vlastaris alimuuliza.

“Mafua, Mtukufu. Yamewaangusha wote kumi na mmoja kwa mpigo. Hata mimi ningeugua, ila mke wangu hajui kudanganya.”

Vlastaris alicheka. Mkewe, Zmaragda, aliingia akiwa amevaa koti la safari.

“Farasi sita wako tayari uani. Kesho jioni tuko ng’ambo ya milima, kwa Waustria. Unangoja nini, Skarlatos?”

“Nikikimbia, Dimitris atakatwa kichwa.”

“Na usipokimbia?”

“Wataniua mimi, yeye wamwache.” Alinigeukia. “Anastasi, hebu mwambie mama. Amri za kuua watawala tulitafsiri ngapi, mimi na wewe?”

“Kumi na tisa, Mtukufu.”

“Baba alipotii, mtoto aliguswa?”

“Hakuna hata mmoja.”

“Umesikia? Wale watu wana desturi zao, na wanazishika.”

“Wewe na makaratasi yako! Mwanangu si karatasi.”

Hata hivyo alivua koti.

Hesabu ilikuwa sahihi. Ila amri zote kumi na tisa zilitolewa na waziri mkuu mmoja, naye alikuwa ameshakufa. Wa sasa hakuwa amemaliza hata miezi miwili kazini. Tulilijua hilo sote wawili, mimi na mtawala, na hakuna aliyelisema.

Saa tatu na robo mjumbe aliingia ukumbini na watu wawili. Zmaragda alikuwa nyuma ya mlango wa pembeni, lakini Kituruki hakukijua. Vlastaris alisimama, kama desturi inavyotaka. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: alitangulia kusema.

“Bey, mwanangu yu hali gani?”

“Wewe ulikuwa mkalimani. Unajua kabisa kwamba mimi ndiye ninayeanza.”

“Najua. Mwanangu?”

Mjumbe alitazama sakafu, akajibu bila kupandisha sauti. “Amekatwa kichwa, Ijumaa ya wiki ya juzi. Mimi nimepanda farasi siku ya pili yake.”

Mjumbe alimwekea kitambaa cheusi cha hariri begani, upande wa kulia, akatamka kwamba ameondolewa. Wale wawili walipita nyuma yake, wakamnyonga kwa kamba ya upinde. Hakuinua mikono. Saa tatu na dakika arobaini tabibu wa jumba alithibitisha kifo.

Walipotoka, Zmaragda alifungua mlango. Alimtazama mumewe pale chini, akamfunika uso kwa shali yake, akanijia.

“Anastasi, wewe umesikia Kituruki chao. Amesema nini juu ya Dimitris? Wanamwachia lini?”

Nilimwambia, na siku yenyewe nikaitaja.