Kocha Anataka Nini

Timu ikifungwa nyumbani, mashabiki walikojoa kwenye ukuta wa Radi. Ikishinda walikojoa vilevile, lakini wakishinda walikuwa na haraka ya kwenda kushangilia. Wakifungwa walisimama pale muda mrefu, vichwa chini, wakimtukana kipa, na mkojo ukatambaa chini ya mlango mpaka sebuleni. Kwa hiyo Radi, ambaye muda mfupi tu nyuma alikuwa jukwaani akipiga ngoma ya timu mpaka viganja vinawaka moto, alirudi nyumbani, akaitundika ngoma kwenye msumari wake, akachukua ndoo na fagio, akaanza kusafisha uchafu wa watu aliotoka kuwaimbisha.

Msimu ule alisafisha sana.

"Mangapi?" mama yake aliuliza kutoka uani.

"Matatu."

"Nimesikia manne."

"Moja lilikataliwa, mama."

Mama akaguna. Macho yake yalikuwa yamezimika kidogo kidogo, mwaka mmoja ukungu, mwingine vivuli, mwishowe hata vivuli vikaondoka. Lakini hakuna aliyeijua timu ile kama yeye. Akiwa ameketi uani, nyuma ya goli la kaskazini, alitambua kwa kelele peke yake kona, penalti, kadi nyekundu. Na nyumba aliijua kwa kiganja. Kutoka kitandani alishika ukuta, akaupita ufa wa dirishani, akaugusa msumari wa ngoma, akafika kwenye fremu ya mlango palipobanduka kipande cha mbao, na hapo alijua yuko uani, bomba liko kushoto na choo kiko mbele. Alipika mwenyewe, alifua mwenyewe. Mtu akimshika mkono ndani ya nyumba ile alimwambia amwache, yeye si mgeni.

Nyumba yenyewe ilijengwa na marehemu mumewe, fundi mwashi. Yeye na wenzake ndio walioujenga uwanja, na kazi ilipokwisha viongozi wa klabu wa wakati huo waliwaambia wajenge hapo nyuma, wakae karibu na timu yao. Walipeana mikono, mambo yakaisha. Walioshikana mikono siku ile sasa wote wako kaburini, na katika safu ile ya nyumba walibaki wajane na watoto wao. Radi ndiye aliyekuwa fundi baiskeli wao. Alifanyia kazi mbele ya mlango, chini ya kipande cha bati.

Kocha alipofukuzwa, mkutano wa mashabiki ulifanyika hapo chini ya bati, kama kawaida. Picha ya kocha mpya ilipita mkono kwa mkono. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, anayetazama chini. Dereva wa lori alisema huyu hana sauti, wachezaji watampanda kichwani. Mwalimu mstaafu alisema amesoma, na wakati umefika timu ifundishwe na mtu aliyesoma. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye huipigia timu ngoma ndogo, aliishika picha ile kwa muda kisha akatoa hukumu yake.

"Hizi nywele kajinyoa mwenyewe. Huyu ni bahili. Na mtu bahili hafungwi ovyo."

Walicheka mpaka baiskeli zikatikisika. Papo hapo wakampa jina, Profesa, na kabla ya jioni walikuwa wameshampigia mahesabu ya kubaki ligi kuu. Radi alitumaini kama wote, maana kutumaini hakukuwa na kiingilio.

Klabu ile ilikuwa na desturi iliyoitwa Kuulizwa. Kocha mpya hasimamishwi uwanjani na kupigiwa makofi tu. Huulizwa mara tatu mbele ya mashabiki anataka nini, naye hutaja kitu kimoja, na mashabiki humwahidi. Anayeuliza ni mpiga ngoma mkuu. Huwapa mashabiki uso na kocha mgongo, na hageuki mpaka neno liishe. Akigeuka, timu itashuka daraja. Hakuna aliyejua nani aliyatunga hayo, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuyajaribu. Kocha mmoja aliomba mshambuliaji, akaletewa mtu mwenye goti bovu. Mwingine aliomba subira. Aliahidiwa kwa shangwe, na subira ile haikumaliza hata mwezi.

Siku ya Profesa majukwaa yalijaa kuliko siku ya mechi. Radi alipokuwa akienda katikati ya uwanja, ngoma tumboni, alimwona Mwenyekiti wa klabu ameinama kwenye sikio la kocha, anaongea, na kocha anaitikia kwa kichwa. Hakulitia maanani. Alisimama, akawageukia watu wake, akapiga pigo moja la kunyamazisha, na uwanja mzima ukanyamaza. Hapo ndipo fundi baiskeli alipojiona mtu.

"Kocha, unataka nini?"

Aliuliza mara ya pili, akauliza na ya tatu. Nyuma yake kipaza sauti kikakoroma.

"Nataka uwanja wa mazoezi," kocha alisema kwa sauti ya chini. "Timu haiwezi kufanya mazoezi hapa hapa inapochezea, nyasi zinakufa. Naomba uwanja wa mazoezi, pale."

Radi hakugeuka. Akainua mikono yote miwili. "Apewe?"

"Apewe!"

"Apewe?"

Jukwaa likatetemeka. Alipiga ngoma kwa mdundo aliotunga mwenyewe miaka mingi nyuma, mapigo mawili mazito na matatu ya haraka, na watu wakauchukua kwa miguu. Chini kabisa jukwaani alimwona jirani yake, mama muuza maji, amesimama na beseni kichwani, mkono mdomoni, anatazama juu ya bega lake yeye Radi. Akadhani analia kwa furaha.

Nyumbani, mama yake alimsubiri uani.

"Nimesikia mmempa. Mmempa nini?"

"Uwanja wa mazoezi."

"Wapi?"

Radi aliitundika ngoma. Ndipo alipogundua kwamba hajui.

"Alisema pale."

"Pale wapi, mwanangu?"

Aliyejibu ni muuza maji, kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Hukuona alikonyoosha kidole? Alionyesha paa lako. Alionyesha mapaa yetu sote. Na wewe ukauliza apewe, mara mbili."

Wiki haikuisha, milango ya safu nzima ikapakwa alama nyekundu ya kubomolewa. Majirani walikaa kikao, na wakamtuma Radi kwa Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye anayejulikana. Walimtuma bila kumtazama usoni.

Mwenyekiti alimpokea kwa mikono miwili. Alimwita Radi wangu, akamwagizia soda, akamsogezea feni. Radi alieleza habari za baba yake na za ruhusa aliyopewa na klabu.

"Ruhusa ya nani?"

"Viongozi wa wakati ule."

"Niletee mmoja nizungumze naye."

"Wote wamefariki, Mwenyekiti."

"Mungu awarehemu," Mwenyekiti alisema. "Mimi kama mimi, ndugu yangu, siwezi kugusa nyumba ya mtu. Lakini kocha aliulizwa hadharani, na mashabiki wakajibu hadharani. Nani aliuliza?"

Radi alitazama soda yake.

"Nani aliuliza?"

"Mimi."

"Basi. Mimi ni mtumishi wa mashabiki. Unataka niwageuke?"

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akampa jezi mpya iliyoandikwa RADI mgongoni. Radi alijikuta njiani ameikunja kwapani, na ameshukuru. Alijichukia kwa kushukuru, lakini mdomo ulikuwa umekwisha kusema.

Kesho yake alimfuata kocha mwenyewe, akamkuta peke yake akipanga koni za mazoezi uwanjani. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mimi niliambiwa pale kuna mabanda matupu," alisema. "Niliambiwa nikiulizwa niseme uwanja wa mazoezi. Mimi, kaka, nilikuwa nataka beki wa kushoto."

"Basi waambie hivyo. Sema ulikosea, watakusikia."

Kocha akaivaa miwani. "Kazi nimeianza juzi. Nina watoto wanasoma." Aliinama akainua koni moja, akairudisha palepale ilipokuwa. "Samahani sana."

Chini ya bati mkutano wa mashabiki uliendelea, ila sasa Radi akisogea mazungumzo yaligeuka kuwa ya hali ya hewa. Hatimaye Kinyozi ndiye aliyemchukua pembeni. Alimwambia kwamba wote wanamhurumia, na nyumba inauma, nani asiyejua. Lakini timu iko mkiani. Ikishuka daraja na yeye ndiye aliyeanza kupinga neno la Kuulizwa, watu watasema ni yeye aliyeishusha. "Na hapo mimi sitaweza kukutetea," alisema. Alikuwa rafiki yake tangu utotoni, na alisema kweli.

Asubuhi ya kubomoa, mashabiki walikuja wengi, wamevaa jezi. Walikuja kusaidia. Walibeba vitanda, makabati, masufuria na baiskeli mbovu za watu, na kwa kuwa mzigo huwa mwepesi kwa wimbo, waliimba nyimbo za timu. Mmoja alimwambia Radi ajivune, maana wajukuu watasimuliwa kwamba uwanja huu wa mazoezi ulitoka kwake. Hakuwa na nia mbaya. Wote hawakuwa na nia mbaya, kwa hiyo Radi hakupata hata mtu mmoja wa kumpiga ngumi.

Mama yake alikataa kushikwa mkono. Alitoka mwenyewe kama siku zote: ukuta, ufa, msumari ambao sasa haukuwa na kitu, fremu. Akaendelea kuufuata ukuta kwa nje, uchochoroni, mpaka ulipofika mwisho na kiganja kikashika hewa. Hapo alisimama.

"Haya," alisema. "Sasa nishike."

Mashine ilianzia nyumba ya muuza maji. Ya Radi haikuchukua muda. Baba mtu aliijenga kwa msimu mzima, siku za mapumziko tu, kwa matofali yaliyobaki uwanjani.

Walihamia chumba kimoja upande wa pili wa mji. Mlango ulikuwa mahali pa dirisha, na ukuta ulikuwa mahali pa mlango. Siku chache tu baadaye mama aliufuata ukuta usiokuwa wake, akaanguka kwenye ngazi, akavunjika kifundo cha mkono. Tangu hapo alikaa kitandani, akilishwa na kusindikizwa chooni. Hakulalamika, na Radi angependelea alalamike. Kitu kimoja tu alichouliza ni kwa nini siku hizi timu haichezi. Radi alimweleza kwamba inacheza, ila hapa haisikiki. Kesho yake aliuliza tena.

Kwa kumuuguza alikosa mechi, akakosa na nyingine, kisha watu wa kamati wakaja kuichukua ngoma. Walisema ni kwa muda. Ngoma akapewa Kinyozi.

Timu iliendelea kufungwa. Uwanja wa mazoezi haukupandwa hata jani moja. Mahali pa nyumba palimwagwa kokoto, pakawekwa kizuizi cha chuma na mlinzi, na magari ya wageni wa Mwenyekiti yakaanza kulala pale kila siku ya mechi, na siku zisizo za mechi pia. Mashabiki waliona, wakanung'unika. Walimnung'unikia kocha. Jamaa alipewa alichotaka, walisema, tumemvunjia watu nyumba zao kwa ajili yake, na bado anafungwa. Walimpigia kelele mpaka akafukuzwa, akaondoka na koni zake kwenye mfuko wa plastiki.

Asubuhi moja mama alikaa kitandani akaomba nguo yake ya kutokea.

"Nipeleke nyumbani," alisema.

Radi alifungua kinywa amweleze tena, akachoka kabla ya kuanza. Akamvalisha, akampandisha nyuma ya baiskeli, akaisukuma mji mzima.

Mlinzi alikuwa upande wa pili wa kizuizi, anaelekeza gari. Mama alipokanyaga kokoto alijinasua mkono wake, akanyoosha kiganja usawa wa bega, akaanza kutembea. Hakusitasita. Alipita palipokuwa kitanda, akapunguza mwendo palipokuwa ufa, akainua vidole kidogo palipokuwa msumari, na kiganja chake hakikugusa chochote ila yeye aliendelea. Akageuka kuelekea uani. Hapo mkono wake ukagonga gari jeusi lililoegeshwa palipokuwa mlango. Boneti ilikuwa bado ya moto. Aliipapasa taratibu, akitafuta kwenye chuma kile laini kipande cha mbao kilichobanduka.

Uwanjani kelele zikalipuka. Mama akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu wahame Radi aliiona sura yake ya zamani.

"Nani kafunga?"

"Hakuna, mama. Leo si mechi. Wameleta kocha mpya."

Ngoma ikaingia, mapigo mawili mazito na matatu ya haraka, mdundo wake Radi, ila Kinyozi aliukimbiza mno. Kisha ikapigwa mara moja, na uwanja wote ukanyamaza. Mama alikuwa bado ameshika gari.

"Na huyu anataka nini?" aliuliza.

Radi aliisikia sauti ya Kinyozi ikiuliza swali lilelile mara ya kwanza, na ya pili. Mlinzi alikuwa amewaona, anakuja juu ya kokoto, akiwaonyesha kwa rungu njia ya kutokea.