Mtu Anayepumua Ukingoni mwa Mto

Nilichoona kwanza ni mabega. Katika mwanga wa kijivu wa televisheni, vumbi jekundu la Kasongo likielea mbele ya kioo, mtu mdogo wa mchezo wa video alikuwa amesimama ukingoni mwa mto. Hakuna aliyemgusa, na mabega yake yalikuwa yanapanda, yanashuka. Polepole. Kama ya mtu aliyetua mzigo.

Nikakuambia: anapumua. Ukacheka, yaya Blaise, kaka yangu mkubwa. Ukasema watu wote wanacheza, hakuna anayetazama, na kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mtu yule akiachwa peke yake anapumua.

Mchezo ule ulikuwa wako. Ulikuwa mali ya baba Kamaldine, mwenye chumba cha michezo, lakini mkononi ulikuwa wako. Mtu hana jina. Ana fimbo na shati jeupe, anatafuta njia ya kurudi kwao. Mashine yenyewe ilikuwa imechoka hata haikusoma diski ikikaa sawasawa. Uliipindua kama kobe, tumbo juu, ukasubiri, ikakohoa, ikasoma. Na uso wa mtu yule ulikuwa vipande vichache tu vya rangi, bila jicho, bila mdomo. Ng'ambo ya mto palikuwa na ukungu, kwa sababu mashine za zamani hazikuweza kuchora mbali.

Asubuhi uliyokwenda Salamabila kuchimba dhahabu, pikipiki ya rafiki yako Heri ikinguruma nje, uliihifadhi safari yako, mtu akiwa palepale ukingoni. Ukanishika kichwa. "Rosine, usimuguse. Mi njo nitakuya kumuvusha."

Sikumgusa.

Kisha shimo la dhahabu likaporomoka ukiwa ndani. Wenzako walichimba kwa sululu, kwa sahani, kwa kucha, mpaka udongo ulipoanza kushuka tena, wakaacha. Wewe hawakukupata. Walirudi kwa njia ya Wamaza na shati lako, lile ulilolitundika mtini kabla ya kushuka.

Kwetu nguo ya marehemu haifuliwi mpaka kilio kiishe. Inakaa na jasho lake katikati ya nyumba, watu wanailia. Mama alilipokea shati kwa mikono miwili, akaenda nalo kisimani, akalifua. Akalianika mbele ya nyumba, wapitanjia wote walione. Waliokuja na mikeka ya kulala matanga wakaona shati linadondosha maji. Wakakunja mikeka yao, wakarudi. Nani atamlilia mtu ambaye mama yake anamfulia?

Tangu hapo, nyumbani kwetu kuna neno moja ambalo halitamkwi. Tunalizunguka kama jiwe shambani. Mvua ikinyesha, mama anasema huko Salamabila barabara imeharibika. Jua likiwaka, anasema labda barabara imekauka. Na shati linafuliwa, linaanikwa, linafuliwa tena, linazidi kuwa jeupe, linazidi kuwa jepesi, hata upepo mdogo unalijaza kifua.

Na mimi nilikwenda kwa mtu wako. Baba Kamaldine alinipa kazi ya kufagia chumba na kuamsha mashine kabla ya vijana kufika. Naipindua. Nasubiri. Inakohoa. Kioo kinaniuliza maneno mawili ya Kifaransa: kuendelea, au kuanza upya. Niliacha shule mapema, kusoma kwangu ni kwa kupapasa, lakini maneno hayo mawili nayajua kwa umbo, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake. Nabonyeza kuendelea. Na yeye yupo. Mto upo, ukungu upo. Mabega yanapanda, mabega yanashuka.

Hakuwa na uso, yaya, kwa hiyo alichukua wako. Pale palipokosa jicho niliweka jicho lako lenye kovu. Pale palipokosa mdomo niliweka mdomo wako unaotaka kucheka. Fagio mkononi, nilisimama mbele yake, nikapumua naye. Akipandisha, napandisha. Akishusha, nashusha.

Ndipo baba Kamaldine akarudi kutoka Bukavu na mashine mpya, nyembamba, isiyokohoa, na ndani yake mchezo uleule, mtu yuleyule, umetengenezwa upya.

Chumba kikajaa. Waliucheza huu, wakaucheza ule, wakagombana. Heri akautazama wa zamani na kusema, "Huyu mutu iko na kichwa kama bidoni ya mafuta. Mikono kama mikate."

Lukumani, aliyekulia pamoja na wewe na sasa anauza chumvi sokoni, akamjibu bila kugeuka. "Hiyo bidoni njo ilikufundisha kucheza. Huyu mupya iko mutu wa kupigwa picha."

"Angalia nywele zinavyolowana."

"Nywele? Weye ulikuya hapa kuangalia nywele?"

Wakacheka, na mimi mlangoni nikacheka kidogo, mkono mdomoni, nikiitazama mashine ya zamani. Kwa maana baba Kamaldine alikuwa amekwisha kusema: bateri ya jua haiwezi kulisha mashine mbili. Moja itabaki. Aliwauliza vijana, wakagawanyika, hawa huku, hawa kule, kila mmoja na sauti yake. Mwisho akanitazama mimi mwenye fagio.

"Rosine, weye njo unakalaka nayo siku zote. Uchague. Nikitoka musikiti, uniambie. Lakini ujue, ile ya zamani ikilala safari hii, sijue kama itaamuka."

Wakatoka wote. Chumba kikabaki na joto la alasiri, harufu ya vijana, na mimi kati ya mashine mbili.

Nikaanza na mpya. Nilitafuta ukingo ule, nikaupata kwa shida, maana majani yalikuwa yameota pale ulipomsimamisha mtu wako. Maji yalikuwa maji kweli, yana mbingu ndani yake. Ukungu haukuwapo. Ng'ambo ilionekana yote: kijiji, moshi wa majiko, nguo kwenye kamba, njia inayopanda kilima. Kumbe hicho tu ndicho ukungu ulichokuwa umekificha. Kijiji cha watu wanaopika.

Kisha mtu akageuka. Alikuwa na uso. Ndevu, midomo iliyopasuka, macho ya kahawia yenye maji. Uso mzuri, uliojaa, usio na nafasi hata ya kuingiza ukucha. Nilikutafuta humo. Aliniangalia kama mgeni anavyomwangalia mgeni njiani kwenda Kabambare: kwa adabu, bila kunijua.

Nikaikimbia. Nikaipindua ya zamani, nikabonyeza kuendelea, na wewe ukawapo. Ukingoni. Katika ukungu. Shati jeupe, mabega yakipanda, yakishuka. Niliona ningechagua bila hata kufikiri. Niliona nimekwisha kuchagua.

Ila nilikuwa nimeshaona ng'ambo. Nilikuwa nimeona moshi wa majiko. Nikajiuliza, mtu anayejua kwamba watu wanapika ng'ambo, anamwacheje ndugu yake kusimama huku?

Nikashika maneti, kile kishikio cha vitufe cha kuchezea, kwa mikono miwili. Mara ya kwanza maishani. Vidole vyangu havikujua kitu. Nikakuongoza majini, yaya, nikuvushe mimi. Maji ya zamani, ya buluu, magumu kama vigae, yakakufika kiunoni, yakakufika kifuani, yakafunga juu ya kichwa. Kioo kikawa cheusi. Nikapiga kelele ndani ya mkono wangu.

Kioo kikaniuliza: kuendelea, au kuanza upya?

Nikabonyeza kuendelea. Na ulikuwapo. Palepale. Shati jeupe, kavu, bila tope hata kidogo. Ukipumua kama mtu ambaye hakuna kilichompata.

Nikakuzamisha tena. Ukarudi. Nikakuzamisha upande wa mawe, upande wa matete. Ukarudi, ukarudi, safi, mpole, hujui chochote. Ndipo nikaacha kubonyeza, kwa sababu nililijua shati lile. Nililijua lilivyo jeupe. Ni shati lisiloruhusiwa kuchafuka. Tulikuwa tumekuweka hapo sisi, mama kwa sabuni yake na mimi kwa kidole changu, na kila ulipotaka kwenda tulikurudisha, usimame, upumue, usifike.

Huwezi kufa humo, yaya. Na asiyeweza kufa, anafikaje kwao?

Sikuhifadhi chochote. Nilikutazama pumzi moja zaidi, ikapanda, ikashuka, nikazima. Mwanga ukajikusanya ukawa nukta katikati ya kioo, ukakaa kidogo, ukaenda.

Baba Kamaldine aliporudi nilimwambia, "Weka mupya, baba." Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo kwa kichwa. Akaigeuza mashine ya zamani ikae sawasawa, kama ilivyotengenezwa, akaifunika kitambaa.

Nilirudi nyumbani kabla jua halijashuka. Mama alikuwa mbele ya nyumba na beseni, shati limelowa mikononi mwake, povu mpaka viwiko. Nikachutama upande wa pili wa beseni. Nikaweka mikono yangu majini, juu ya mikono yake, mpaka ikaacha kusugua. Hakuinua macho. Mimi ambaye sauti yangu haifiki hata mlango wa jirani, nikalisema neno lile, na majirani wakasikia, na mwenye mkeka akaanza kuutafuta mkeka wake.

"Mama, yaya Blaise alikufa. Tumulilie."