Kikombe cha Mgeni

Mimi kunguru siwapendi, na hilo nalisema wazi. Lakini baridi ya mwaka 1967, mama mkwe wangu, Bi Mahbuba, aliwafanya wao wenye nyumba na sisi wapangaji.

Alikuwa akimngoja binti yake, Masouda, aliyebaki Unguja na mumewe tulipohamia Maskati miaka mitatu kabla. Kwetu kunguru akilia juu ya paa, mgeni yuko njiani. Basi kila akimsikia, Bi Mahbuba hujibu, "Kheri, kheri!" kisha huniagiza niongeze kikombe cha mchele chunguni. Mgeni haji, na mume wangu, Aflah, asubuhi anakula kiporo huku akinitazama kana kwamba kunguru ni ndugu zangu.

Mwaka ule upepo wa kaskazini ulishuka Darsait, mtaani kwetu, na mvua yake, sisi watu wa Unguja tukabaki kuikumbatia seredani ya makaa. Kwenye mkunazi wa uani tetere walibanana, shomoro wakajitutumua manyoya, na kunguru wakanyamaza kabisa. Bi Mahbuba akaingiwa na hofu.

"Wakifa hawa, nani atanletea habari ya mwanangu?"

Akawa anawalowekea mkate kwa maji ya moto, na mimi naupeleka nje nikitetemeka na kunung'unika. Siku zikienda nikamjua tetere mwenye mguu mbovu, na asipoonekana namtafuta. Nilijikasirikia kwa kuwapenda.

Asubuhi moja mlango ukagongwa. Kunguru yuko mkunazini, kimya. Nikafungua: Masouda, peke yake, na kifurushi kimoja mkononi. Bi Mahbuba alimkumbatia, akalia, akacheka, kisha akamgeukia kunguru.

"Mfidhuli we! Baridi yote nakulisha, siku yenyewe umefumba domo?"

Wali ulikuwa haujapikwa, kwa hiyo Masouda alianza na mkate wa ndege.

"Na Sleyum?" Aflah akamuuliza habari za mumewe.

"Serikali haikumpa ruhusa ya kuondoka," akasema.

Kesho yake jua likatoka, na kunguru akalia juu ya paa kwa nguvu zake zote.

"Ushachelewa!" Bi Mahbuba akamfokea. "Mgeni keshafika!"

Masouda akainuka. "Kheri, kheri," akasema taratibu, akaingia jikoni, akachota kikombe cha mchele na kukiongeza chunguni.

Mimi nikachukua mkate wetu sisi, ule mzima wa asubuhi, nikawapelekea kunguru.