Toleo la Tatu la Ngome ya Chumvi

Ilianza Jumamosi, tarehe tisa, saa kumi na dakika kumi alasiri, nilipopasua bahasha kwa kisu cha mkate na dada akapiga simu wakati huohuo, kana kwamba alikuwa akinichungulia, nikaweka sauti kubwa, nikaiegemeza simu kwenye birika, na sasa yeye anaeleza habari za fundi bomba na mimi nanusa kitabu cha kanuni za ule mchezo wetu wa kusimuliana... kinanuka plastiki, hakina lile vumbi la kile cha zamani, jalada gumu, linateleza, ile ngome ya mchoro wa ndani wameichora upya hapa juu na safari hii ina madirisha, nani aliomba madirisha, ngome ya chumvi yenye madirisha, mvua ikiingia je... "namwambia fundi, tangi linavuja chini, yeye anapanda juu ya paa, sasa huko juu kuna nini, kuna mbingu," anasema dada, nami nasema "ee," na najua kabisa ninachotaka kumwomba, nimekifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo cha bafuni, dada, mchezo wetu umetoka upya, tucheze tena, hata kwa simu, saa moja tu kila Jumamosi, wewe usimulie kama zamani, sentensi ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeisema bila kukwama, lakini mimi nimekwama, kwa sababu usiku wa kuamkia harusi yake alinivuta shavu mbele ya mashangazi akasema, "Mazimwi yote nakuachia wewe, mimi sasa ni mke wa mtu," wakacheka, nikacheka pia, na tangu hapo hakuna aliyegusa dadu, na akisema hapana leo, basi hata hii simu ya Jumamosi itakuwa na kovu, na hii simu ndiyo kitu pekee nilichonacho katika mji huu, miezi mitano sasa, kazini kwenye maabara ya maji ni habari za asubuhi, nzuri, haya kesho, haya, na katikati chupa za sampuli, Jumapili nyingine nasoma kwa sauti maandishi ya kwenye boksi la sabuni ili nijue koo bado linafanya kazi... "unanisikia lakini?" "Nakusikia, dada." "Umekula?" "Nimekula," sijala, nafungua ukurasa wa kwanza, afya ya mhusika inaanzia ishirini badala ya kumi na mbili, wamelainisha, siku hizi hata wa kwenye mchezo hawataki kuumia, mwizi anaitwa mpelelezi, kana kwamba tutaisahau mikono yake, lakini kuna faharasa, hatimaye faharasa, kwa alfabeti, yenye namba za kurasa, nimekaribia kulia kwa ajili ya faharasa, na ukurasa wa sitini na moja jedwali la mizigo lina kosa, kamba kilo tatu, taa kilo mbili, jumla sita, sita vipi jamani, hakuna aliyehakiki, mimi ningehakiki, hata bure ningehakiki... "sasa huyo fundi kashuka, ananiambia mama, tangi lako limezeeka, nikamwambia baba, na wewe je?" nacheka, kweli nacheka, dada ana ulimi, alikuwa hivyohivyo tangu ana miaka kumi na miwili, miguu ameikunja kitandani, kitabu kakikumbatia kifuani nisichungulie, mama akiwa zamu ya mchana kiwandani na mlango umefungwa kwa nje, kitabu ambacho mjomba alikiokota kwenye rundo la vikuukuu, hakina jalada, hakina kurasa za katikati kwenye sura ya vita, na dada akijigonga kipaji cha uso, "Usijali, nilizisoma kabla hazijachanika, zote zimo humu," nami nikaamini, nikaamini hadi chuo kikuu, nikapata shahada huku naamini, na sasa ndiyo hii sura ya vita, nzima, karatasi nyeupe, kichwa cha habari chekundu, Kuanguka, mstari mmoja na nusu tu, "Mhusika aliyeanguka ametoka mchezoni. Mchezaji wake ataketi kimya hadi hadithi iishe. Kanuni hii haijabadilika tangu toleo la kwanza," nasoma tena, haijabadilika, naweka kidole chini ya neno, haijabadilika, hapana, hapana, sisi haikuwa hivi, sisi aliyeanguka alikuwa anasikia, hiyo ndiyo kanuni, aliyeanguka anasikia, msimulizi anamwita mara tatu, naye akitaja kitu kimoja anachokitaka kesho, anaamka na nusu ya afya yake, mimi nimeanguka mara zisizo na hesabu kwa sababu kila lango nililiingia wa kwanza, nikilala chali kwenye godoro na macho nimeyafumba, nataka viatu vya kamba, haya amka, nataka mama arudi kabla ya giza, haya amka, nataka mwalimu augue, si sana, tumbo tu, akacheka lakini akasema imeandikwa inaruhusiwa, haya amka... imeandikwa, alisema imeandikwa, na hakuna mahali ilipoandikwa, alikuwa anaitunga palepale, jicho hakulipepesa, maana tulikuwa wawili tu mle ndani, mmoja akiketi kimya hadi hadithi iishe basi hadithi hakuna, kuna chumba na mlango uliofungwa, mtoto wa miaka kumi na miwili aliliona hilo na waandishi wa matoleo matatu hawakuliona... "shemeji yako naye hajaja mwezi huu, wala ule uliopita, kazi zimembana, basi nikaona nitoe mapazia, nikafua, nikayarudisha, jana nikayatoa tena," anasema dada, sauti ileile ya tangi na fundi, na nusura inipite, hajaja wala ule uliopita, nasema "yalikuwa yamechafuka?" na yeye anasema, "Wala," kisha anakohoa kidogo, kisha, "Ila lile la sebuleni lina rangi inayokaa na vumbi, we hujui mapazia wewe," na mimi nimeshika dadu ya pande ishirini iliyokuja na kitabu, mpya, ya baridi, na natafuta kwenye faharasa, msimulizi, ukurasa wa nne, wa tisa, wa themanini, nafungua zote tatu, msimulizi huandaa, msimulizi huamua, msimulizi huigiza wengine wote, hakuna mahali inaposema msimulizi akichoka inakuwaje, yeye hana afya, hana zamu, hawezi hata kuanguka, na dada miaka yote ile alikuwa mlinzi, alikuwa zimwi, alikuwa bibi kizee wa kisimani, alikuwa upepo na mvua, vyote kwa ajili ya mtu mmoja aliyelala chali, na mimi sikuwahi kumuuliza kama amechoka kuwa mvua, na sasa wiki nzima nafanya mazoezi ya kumwomba nini, anisimulie tena, awe mvua tena, kwa simu, huku mapazia yanatoka na kurudi... "Mbona umenyamaza?" "Nipo, dada, endelea," na anaendelea, fundi ameahidi Jumatatu, Jumatatu ya fundi unaijua wewe, na sijamwomba, ile sentensi ipo mdomoni lakini sasa ina ladha mbaya, birika limepoa, jua bado liko palepale kwenye ukingo wa meza, kitabu kiko wazi sura ya vita, na dada anazungumza, na kwa mara ya kwanza simsubiri amalize.

Asubuhi yake nikapiga mimi.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Jumapili saa mbili hii, wewe ambaye hujawahi kunipigia! Umefukuzwa kazi?"

"Dada, kaa chini. Uko nje ya ngome. Lango limefungwa, na ndani kuna mtu anakohoa. Mimi leo ndiye msimulizi. Unafanya nini?"

Nikasikia kiti kikivutwa.

"We mtoto una wazimu," akasema. "Silaha ninayo?"

"Una fimbo."

"Fimbo tu! Subiri kwanza," akasema, "subiri nizime jiko."