Mkipsigis Ndani ya Lori

Mwaka 1953, wakati wa vita vya Mau Mau, nilikuwa mkuu wa wakamuaji katika shamba la Mzungu mmoja nje ya Molo. Nilikuwa na siku nne tu tangu nihamie pale wakati Wangare, mama Mkikuyu ambaye mumewe alikuwa kizuizini, aliposhikwa na uchungu wa uzazi akapelekwa hospitali Nakuru. Alimwacha bintiye wa miaka sita, Wangu, kwenye mlango wa banda la kukamulia, akamwagiza asiondoke hapo mpaka atakaporudi.

Sikumjua mtoto huyo wala jamaa zake. Nilimwambia aende kwa majirani.

"Mama alisema hapa," akajibu.

"Hapa ni pa ng'ombe."

"Basi nami nitakuwa ng'ombe."

Nilimpa kazi ya kushika mikia ili isitupige usoni. Aliifanya kwa bidii, na mkia ulipomponyoka alimgombeza ng'ombe, si mkia. Usiku mke wangu, Chepkemboi, alimbeba amelala akampeleka kwetu. Kabla ya alfajiri mtoto alikuwa amekwisha kurudi mlangoni.

Siku ya nane, alasiri, lori la serikali lilifika kuwaondoa Wakikuyu wote wa shamba hilo, wapelekwe kambini Nakuru kisha warudishwe Kikuyuni. Nyapara wetu, Masinde, alisoma majina mpaka akafika kwa Wangu.

"Mama yake yuko hospitali," nikamwambia. "Akirudi atamtafuta hapa."

"Atamtafuta kwao Kikuyuni."

"Kikuyuni wapi, Masinde? Nitajie kijiji."

Akanisogelea, akanong'ona, "Sema ni wako, Kiprugut. Mpe jina la kwenu tumalize jambo hili."

"Ana mama na ana jina. Mimi simwibii mtu mtoto."

"Basi usinilaumu." Akamwinua Wangu, akamtia ndani ya lori. Mtoto hakulia. Alimwambia tu kwamba mama yake atamkasirikia yeye, Masinde.

Nilivua aproni yangu, nikaikunja, nikapanda lori nyuma ya mtoto.

"Shuka," akasema Masinde. "Wewe ni Mkipsigis."

"Kabila langu nalijua. Niandike."

"Siwezi. Orodha hii ni ya Wakikuyu. Nakuru wataniuliza nimekutoa wapi."

"Utawajibu."

Bibi mmoja aliyeketi juu ya godoro lake lililofungwa kamba akawaambia wenzake, "Sogeeni, Mkikuyu huyu mpya akae." Watu wakacheka, na Masinde akainamia karatasi yake.

Saa ya kukamua ikawadia. Wenzangu wanane walipoona niko ndani ya lori, walipindua ndoo zao wakazikalia. Ng'ombe sitini, viwele vimejaa, wakaanza kulia kwa pamoja hata dereva akaziba masikio. Kelele hizo ndizo zilizomtoa yule Mzungu mwenye shamba nyumbani kwake.

"Wewe taka nini?" akaniuliza.

"Mtoto huyu amngoje mama yake pale mlangoni, bwana. Hataki zaidi, nami sitaki zaidi."

"Kama mimi sema hapana?"

"Nitakwenda naye Nakuru."

Alinitazama, akawatazama wale waliokalia ndoo. Mmoja wao alipiga miayo. Uso wa bwana ukawa mwekundu mpaka shingoni.

"Shuka na hiyo toto. Mwisho ya mwezi wewe hapana kazi hapa."

"Vyema, bwana."

Nilimshusha Wangu kwanza.

Wangare alifika tarehe ishirini na sita, amedhoofika, ana kitoto mgongoni. Siku tatu baadaye lori lilirudi kwa ajili yake. Masinde alimwamuru apande, naye akakataa kuinua mguu mpaka aonyeshwe kwamba yeye na watoto wake wawili wameandikwa katika mstari mmoja. Masinde aliandika. Mimi niliyejua kusoma nilisoma, nikamwambia ni kweli, ndipo wakapanda.

Mwezi ulipokwisha, mimi na Chepkemboi tulikwenda Kuresoi kwa miguu, mizigo kichwani. Tangu siku hiyo sijakamua ng'ombe wa mtu mwingine.