Kisanduku cha Shemeji

Matanga yalipoanuliwa na wageni wakarudi makwao, shemeji yake Mshonaji alikuja na bisibisi mfukoni na kisanduku cheupe mkononi, akakifunga ukutani chini ya mita.

"Hiki kinashusha nguvu ya umeme unaoingia ndani," alimwambia. "Umeme wa mtaa huu unakuja na nguvu kupita kiasi, vitu vyako vinakula kuliko vinavyohitaji. Kisanduku kinauchuja, unabaki na ule unaokutosha. Utanikumbuka, shemeji."

Mshonaji alisema asante. Siku hizo alisema asante kwa kila kitu: kwa sukari, kwa pole, kwa viti vilivyokuja kuchukuliwa.

Huyu shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mume wake. Mtaani walimwita Wati. Kabla ya visanduku aliuza betri, na kabla ya betri aliuza taa za jua, na kila biashara aliiingia kichwa kichwa. Tapeli hakuwa. Nyumbani kwake alikuwa amefunga visanduku viwili, kimoja juu ya kingine, akiamini kwamba kama kimoja ni kizuri, viwili ni vizuri zaidi.

Mshonaji alirudi kwenye cherehani yake chumba cha mbele. Alikuwa na oda ya sare za shule. Alikata, akaunga, akapiga pasi, akakunja. Msibani hakulia, na watu walimsifu kwa kujikaza. Lakini hakuwa amejikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Mwili mzima ulikuwa kama mkono uliolaliwa, ganzi tupu, na alisubiri ile michomo ya damu kurudi, isije.

Uniti za umeme zikaanza kukaa. Zile walizozoea kununua kila mara, mara hii zilidumu hata akasahau kuzifikiria. Wati alipopita na kuangalia mita, alisimama pale akitabasamu kama mtu aliyepata mtoto.

"Umeona? Umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

Kuanzia hapo akawa analeta watu. Alileta kinyozi wa kona, akaleta muuza mitumba, akaleta wapangaji wa nyumba ya nyuma. Walipanga mstari barazani, wakachungulia ile taa nyekundu ya mita inavyopepesa kivivu.

"Nyumba hii ilikuwa inakula umeme kama gereji," Wati aliwaambia. "Shemeji yangu yupo hapo, muulizeni. Zimepungua, hazikupungua?"

"Zimepungua," Mshonaji alijibu bila kuinua mguu kwenye kanyagio.

Hakuwa amesema uongo. Aliona pia kwamba pasi ilichelewa kupata moto, na kwamba birika la chai lilikaa likinung'unika muda mrefu kabla ya kuchemka. Hayo hakuyasema. Hakuna aliyemuuliza, na kusema kulihitaji nguvu ambazo hakujua aliziweka wapi. Kinyozi alinunua kisanduku. Muuza mitumba naye akanunua, na wapangaji wa nyuma wakachanga wakanunua kimoja.

Asubuhi moja Wati alikuja na jirani wa ukuta wa pili, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye wakati wote wa ugonjwa wa mume wa Mshonaji alikuwa akiwaletea uji. Baba yake alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali siku mbili hizi, mapafu yakiwa hayana kazi. Alikuwa amerudi na mashine ya oksijeni.

"Mashine haizimwi, usiku na mchana," mwalimu alisema. "Umeme unakwenda kama maji. Shemeji yako ameniambia kisanduku kitanisaidia. Nimeona nikuulize wewe kwanza, dada. Wewe unacho."

Wati alikuwa ameshatoa kisanduku kipya kwenye boksi lake.

Mshonaji alisimamisha cherehani. Alitazama sare iliyokuwa chini ya sindano, akaichomoa, akakata uzi. Ndipo akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kutaja bei ya kitambaa:

"Usifunge. Mashine ile inataka umeme wake wote. Hapa kwetu, jioni umeme ukishuka nguvu, ilikuwa inalia halafu inakata. Nilikuwa nampepea marehemu kwa kadibodi mpaka urudi."

"Lakini zako zimepungua," mwalimu alisema.

"Zimepungua kwa sababu na sisi tulikuwa na mashine kama hiyo. Sasa imezimwa."

Mwalimu aliweka mkono mdomoni. Aliijua ile mashine. Alikuwa akiisikia kupitia ukutani, ila hakuwa ameiunganisha na mita. Wati naye alibaki ameshika kisanduku kifuani.

"Shemeji," alisema hatimaye, "si kweli kwamba hakifanyi kitu."

"Sijui. Tujaribu birika."

Wakaenda jikoni wote watatu. Wakazima friji na vingine vyote. Birika likajazwa mpaka kwenye alama, Wati akasoma namba za mita, wakasubiri. Ilikuwa kazi kusubiri. Lilipochemka na kujikata lenyewe, akasoma tena. Kisha akaunganisha nyaya kukiruka kisanduku, umeme ukapita moja kwa moja. Wakaliacha birika lipoe, wakajaza maji mengine ya bomba hadi alamani. Safari hii maji yalichemka upesi, mwalimu hata hakuwahi kukaa. Wati alisoma mita, akapangusa kioo chake kwa kidole gumba, akasoma tena.

"Uniti zimekwenda zilezile," alisema.

Akaligeukia birika.

"Kwa hiyo maji yanataka joto lake. Ukiyapa taratibu, yanasubiri mpaka yapate lote." Alikuwa anajiambia mwenyewe. "Kwenye taa za zamani, zile za waya, kinapunguza kweli."

"Na mwanga?" mwalimu aliuliza.

"Mwanga nao unapungua."

Mwalimu alimshika Mshonaji bega, akaondoka kwenda kwa baba yake. Wati akaketi kwenye kigoda cha jikoni.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ulikuwa umefurahi," alisema Mshonaji. "Na mimi sikuwa na habari na kitu chochote."

"Kaka alipokuwa kitandani nilikuwa siji. Ile sauti ya mashine sikuiweza. Nikasema akishaondoka angalau nitafanya kitu kwenye nyumba yake. Kitu kinachoonekana." Alifunika uso kwa mikono na mabega yakaanza kutikisika.

Mshonaji alimtazama akilia. Alijua kwamba na yeye angepaswa kulia hapo, na alisubiri, kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Haikuja. Akammiminia chai kwa maji yale yaliyochemka mara ya pili, akaweka sukari nyingi.

Alipomaliza chai Wati alinawa uso, akakifungua kisanduku ukutani, akaziba matundu ya skrubu kwa sabuni. Kisha akatoka kwenda kwa wote aliowauzia, nyumba hadi nyumba, kuwarudishia pesa zao.

Alirudi jua likiwa limepungua ukali. Muuza mitumba alikuwa amemtukana kidogo, halafu wakaelewana. Wapangaji wa nyuma walisema hawakuwahi hata kukifunga.

"Na kinyozi?"

"Kinyozi amekataa kukitoa. Nimemweleza yote, nimemchemshia na birika. Anasema tangu akifunge, mashine zake za kunyolea zina adabu."

Mshonaji alikaribia kucheka, kicheko kikaishia njiani. Akagundua kwamba ana njaa. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoona njaa. Alikuwa akila kwa sababu sahani imewekwa mbele yake. Akakata mkate, akampa shemeji yake kipande kikubwa, wakala wakiwa wamesimama pale jikoni, wakizungumzia sare za shule zitakavyopelekwa.