Siku Tano Bila Kufuta

Watu wakiniuliza mume wangu anarudi lini, nawajibu: bahari ikifunga. Wanacheka, wanadhani nawakwepa. Sina haja ya kumkwepa mtu. Mume wangu ni fundi mitambo kwenye meli ya utafiti inayofanya kazi kaskazini kabisa mwa dunia, huko ambako bahari yenyewe huganda, na meli hiyo haiondoki mpaka maji yaanze kuwa barafu. Mimi ndiye ninayekaa ofisini, maelfu ya kilomita kutoka huko, chini ya feni mbovu, nikisema barafu imefika au haijafika. Wenzangu wananiita Bi Barafu. Barafu yenyewe sijawahi kuigusa zaidi ya ile ya kwenye friji.

Kazi yangu ni hii. Kila asubuhi setilaiti inatuletea picha ya bahari iliyokatwa miraba midogo midogo. Mraba wenye barafu ya kutosha unakuwa mweupe, wa maji unakuwa wa buluu. Eneo la meli yetu lina miraba mia mbili na arobaini. Nusu yake ikiwa myeupe siku tano mfululizo, naandika kwenye daftari kubwa "imefunga", bosi anasaini, ujumbe unakwenda, na nahodha anageuza meli bila kuuliza swali. Yeye yuko kona moja tu ya eneo, kwingine hakuoni, na hakuna anayetaka kubanwa na barafu.

Ila chombo cha setilaiti nacho kina ujinga wake. Upepo ukiichafua bahari na mawingu mazito yakitanda, kinaona weupe ambao haupo. Tunaiita barafu ya uongo. Hiyo lazima mtu aikague na kuifuta kwa mkono, mraba baada ya mraba, na mtu huyo ni mimi. Mwaka wa kumi na nne huu nafuta.

Tulipooana, bahari ilikuwa inafunga mwanzoni mwa mwezi wa kumi na kufunguka mwezi wa sita. Nilikuwa na mume karibu miezi saba kwa mwaka, namchoka kabisa, namfukuza jikoni. Sasa barafu inayeyuka mapema na inaganda kwa kuchelewa. Jirani yangu ananiambia, "Si inaganda kila mwaka? Unalalamika nini?" Ndiyo, inaganda. Lakini kila mwaka inanikata siku mbili huku, tatu kule, mpaka nimebaki na mume wa miezi minne. Na hiyo minne, jamani, wiki ya kwanza yote analala.

Bosi wetu tunamwita Mzee Rula, kwa sababu hapigi hata mstari wa kukata neno bila rula. Ukutani nyuma ya meza yake kuna karatasi ndefu yenye nukta, nukta moja kwa kila mwaka, kuonyesha siku bahari ilipofunga. Aliianza akiwa kijana mwenye nywele. Sasa zimefika nukta thelathini na nane, na zinateremka tu, maana bahari ikichelewa kufunga, nukta hukaa chini zaidi. Kila mwaka anaweka nukta mpya kwa penseli, anaitazama, anasema "Haya," anakwenda kunywa chai.

Nyumbani naishi na mama mkwe. Hatukuanza vizuri, tukaishia kuwa marafiki kwa sababu sote wawili tunamsubiri mtu mmoja. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa mwaka jana nilimpeleka kwa daktari wa macho. Presha ya macho ilikuwa imeshamla uoni kutoka pembeni kuja katikati, na kilichobaki ni kama kutazama kwa tundu la kitasa. Matone yangechelewesha tu. "Miezi miwili," daktari alisema, "tukibahatika sana mitatu."

"Sina ugomvi na upofu," mama aliniambia tukirudi. "Nimeshaona mengi, na mengine sikuomba kuyaona. Ila mwanangu nimwone mara moja tu. Uso wake, si sauti."

"Kuna picha, mama."

"Picha ninazo. Picha nikiiita haigeuki."

Simu ya melini ni dakika kumi kila Jumapili, sauti tupu, nayo inakatika. Na mume wangu hawezi kuondoka peke yake. Aondoke na nini, aogelee? Basi kila jioni nikivua viatu mlangoni, mama anauliza, "Vipi, mmefunga?" kama vile tunaziba chupa.

"Bado, mama."

"Si wewe ndiye unayeandika? Andika basi, twende zetu!"

Tunacheka. Halafu naingia chumbani kwangu, naukalia upande wake wa kitanda, na kucheka kunaisha. Nilimtaka mume wangu, nisifiche. Nilitaka hata zile soksi zake anazoziacha kila mahali.

Katikati ya mwezi wa kumi ikapiga dhoruba. Jumatatu asubuhi picha ikaja, zaidi ya nusu ya eneo nyeupe. Nilijua mara moja ni nini. Joto la maji lilikuwa digrii mbili juu ya sifuri, na maji ya namna hiyo hayagandi hata uyabembeleze. Nikaweka mkono kwenye kipanya nifute. Nikauondoa. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikafungua kazi nyingine.

Jumanne dhoruba ilikuwa palepale. Jumatano vilevile. Sikuandika uongo wowote, nilijiambia, nilikaa tu. Nilikuwa nahesabu: meli ikiondoka sasa, wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja atakuwa mlangoni, na mama yake bado ana lile tundu la kutazamia. Alhamisi upepo haukupungua. Loo, nilivyouombea upepo ule.

Ijumaa, tarehe ishirini, nikaandika "imefunga" na kulipeleka daftari kwa Mzee Rula.

Alisoma. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. "Tarehe ishirini?" akasema. "Mwezi wa kumi?" Akasimama, akachukua rula na penseli, akaisogelea ile karatasi ya ukutani. Alipima mahali nukta itakapokaa. Ilikuwa juu ya nukta zote za miaka kumi na moja iliyopita.

"Unaona?" akaniambia bila kugeuka. "Imerudi."

Mzee yule, ambaye sijawahi kumwona hata akicheka vizuri, alikuwa analia na kujifuta kwa mkono wa shati. "Nilisema nitastaafu sijaiona ikirudi," akasema. "Nilikuwa nimeshakata tamaa, haki ya Mungu. Nimekaa na makaratasi haya maisha yangu yote nikiandika kitu kinachoondoka." Akainua penseli.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mzee, usiweke."

"Kwa nini?"

"Ni upepo. Sikufuta."

Penseli ilibaki hewani. "Siku ngapi?"

"Zote tano."

Nilisubiri anifukuze kazi. Nilimwambia kila kitu, macho ya mama, daktari, dakika kumi za Jumapili, na nilivyokaa nikiitazama ile miraba nikijua. Aliketi polepole.

"Joto la maji niliona," akasema mwishowe. "Tangu asubuhi. Digrii mbili. Nikajiambia labda kipimajoto kimeharibika."

Tukatazamana, watu wazima wawili.

"Vuta kiti," akasema. "Tuanze na Jumatatu."

Tulifuta pamoja mpaka saa ya chakula ikapita. Kila mraba uliogeuka buluu nilihisi namsukuma mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe, arudi alikotoka. Tulipomaliza, Mzee Rula alilivuta daftari, akalikata neno langu kwa mstari ulionyooka, akasaini pembeni. Barua ya onyo hakuniandikia. Aliniambia tu, "Mpe mama pole." Sikumpa. Ningeanzia wapi?

Bahari ilifunga kweli tarehe ishirini na sita mwezi wa kumi na moja. Hakukuwa na nukta iliyowahi kukaa chini kama hiyo. Mzee Rula aliiweka, safari hii hakusema hata "Haya".

Kati ya uongo wangu na ukweli zilipita wiki tano, na katika wiki hizo ndipo macho ya mama yalipoanza kuzima. Kwanza aliacha kunitambua nikiwa kwenye mlango wa jikoni. Kisha akamimina chai mezani, kando ya kikombe, akauliza kwa ukali nani amekisogeza. Kisha asubuhi moja, meli ikiwa njiani, aliniuliza kwa nini siwashi taa, na jua lilikuwa limemjaa mapajani. Nilipiga magoti nikalia kwenye nguo yake. Nusura nimwambie kwamba ningeweza kumleta mwanawe mapema. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

"Usimwambie kwenye simu," akasema. "Aje kwanza."

Mume wangu alikuja siku ya kumi na tisa tangu bahari ifunge, kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa ameketi tangu asubuhi kwenye kiti kinachoelekea mlango, amejifunga kitambaa kipya, mikono imetulia magotini. Tulisikia gari likisimama. Mlango ukafunguliwa, nikamwona mume wangu baada ya miezi saba na nusu. Alikuwa amekonda jamani. Chakula cha meli kilipimwa kwa msimu wa zamani, wa siku hizi hakiutoshi. Wiki za mwisho walikuwa wanagawana. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na koti linamning'inia. Nilitaka kumrukia, lakini zamu haikuwa yangu. Nikampisha.

Akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake. "Shikamoo, mama. Nimerudi."

Mama akauinua uso kuifuata sauti. Akatabasamu, akilitazama bega lake.

"Ebo! Umenenepa, mwanangu," akasema. "Hebu ona mashavu hayo!"

Mume wangu akageuka akanitazama. Nilimwona akielewa, palepale, na akanisubiri mimi niseme neno.

"Amenenepa sana, mama," nikasema. "Hata mkanda haumtoshi."

"Si ninaona," mama akasema, na akamwambia anawe mikono ale.